Alama Niliyoifuta Kwenye Bastola 4417

Siku ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa ghala la silaha ukiwa bado na kufuli. Nilivaa shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya mkunjo mmoja wa mgongoni ambao hakuna mtu angeuona. Hiyo ndiyo tabia yangu, na ninyi mtakaosoma au kusomewa haya muifahamu mapema, kwa sababu mema na mabaya yote nitakayosimulia yametoka humo.

Kituo kilikuwa upande wa Maswa. Jina lake sitalitaja, maana kosa nitakalolieleza halikuwa la kituo, lilikuwa langu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba Nyalikungu, elimu yangu darasa la saba. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa kufungua vitu na kuvirudisha: baiskeli kwanza, kisha cherehani, kisha mizani za kupimia pamba. Kazi hii niliipata kwa sababu siku moja kufuli la ghala liligoma, wakaniita, nikalifungua bila kulivunja. Wiki mbili baadaye niliandikwa fundi msaidizi wa silaha, raia mmoja katikati ya askari.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Sajini Meja wa ghala, mtu mrefu aliyezungumza kama anayehesabu maneno yake. Asubuhi ile alitandika kipande cha blanketi mezani, akaweka bastola kuukuu juu yake.

"Soma," akasema.

Nikaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, kama mtoto wa shule.

"Hiyo ni namba. Mimi nimesema soma."

"Afande, sioni kitu kingine."

"Utaonaje na umekaa mbali nayo kama inanuka? Chukua chaki."

Nikapaka chaki mgongoni mwa mshikio, yaani ile sehemu ya nyuma inayokaa kwenye kiganja, kisha nikafuta kwa kidole kama alivyonielekeza. Chaki ikabaki kwenye mikwaruzo tu, na mikwaruzo ikageuka kuwa herufi. Nakumbuka nilishtuka. Chuma kilikuwa kimejaa maandishi na mimi nilikuwa nimekiona kitupu.

Nitaeleza kwa kifupi, kwa sababu bila hili hamtaelewa yaliyofuata. Bastola ya polisi ina maandishi ya aina tatu. Kuna namba ya kiwandani, inayopigwa siku inapotengenezwa. Kuna muhuri wa majaribio, alama ndogo inayosema mtutu ulijaribiwa ukahimili. Na kuna alama ya idara, ambayo haipigwi kiwandani bali inapigwa na polisi wenyewe wanapoipokea: herufi za mji au wilaya, halafu namba ya bastola hiyo katika daftari lao. Bastola ikihamishwa kituo, alama ya zamani inapigwa mstari katikati na mpya inawekwa pembeni yake. Nimewahi kushika bastola yenye alama nne, tatu zimekatwa. Ukiipaka chaki unasoma safari yake yote, ilianzia wapi, ikaenda wapi, ikaishia mikononi mwa nani.

"Alama haifutwi," Sajini Meja aliniambia siku ileile. "Inakatwa. Aliyekuja nyuma lazima aone kilichokuwepo."

Niliyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Kila bastola iliyopita mikononi mwangu niliiwekea karatasi nyepesi ya sigara juu ya alama, nikasugua penseli mpaka herufi zikajitokeza, nikaibandika kwenye daftari. Jioni nilizipitia chumbani. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Baada ya miaka mitatu nilikuwa naweza kuambiwa herufi mbili tu nikasema silaha ilipitia wapi.

Lakini nilikuwa mtu wa wasiwasi. Nilifunga ghala, nikatembea mpaka barabarani, nikarudi kuvuta kufuli. Siku nyingine nilirudi mara tatu. Na skrubu: kila nilipofungua vibao vya mshikio kusafisha, wakati wa kufunga nilihakikisha mfereji wa kila skrubu, ule unaoingia bisibisi, umesimama wima. Haina faida yoyote. Bastola haipigi vizuri zaidi. Ila skrubu iliyolala upande ilininyima usingizi.

"Skrubu zako zinasimama kama askari wa gwaride," Sajini Meja alinitania. "Siku moja utazipigia saluti."

Mwaka wa nne tulihamishiwa Bariadi, yeye akitangulia na mimi nikifuata. Wakati ule Simiyu haikuwa mkoa bado, Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga. Na hapo ndipo soko huria lilipotukuta. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani. Wafanyabiashara waliingia na magari kila msimu, wakalala Somanda, palepale Bariadi, asubuhi wakatawanyika vijijini. Njia zilikuwa za hatari, na wengi wao waliomba leseni za kumiliki bastola.

Bastola zenyewe hazikuwa mpya. Muagizaji mmoja aliyekuwa na kibali alileta makasha ya bastola za ziada kutoka Ulaya. Polisi wa mji fulani huko walikuwa wamebadilisha silaha, zile za zamani wakaziuza. Sajini Meja alipoona ya kwanza alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka.

"Tumevaa mashati yao, tumevaa viatu vyao," akasema. "Sasa hata bastola ni mtumba."

Kila moja ilikuwa na alama ya idara ya mji ule, herufi zake na namba. Na zilikuwa na tatizo ambalo nililigundua mapema. Kile kiwanda kilihesabu namba mpaka elfu kumi, kisha kikaanza tena na moja, kikiongeza herufi ndogo chini ya namba kutofautisha. Karani wa muagizaji hakuijua ile herufi ndogo, akaiacha katika orodha yake, nasi tukajaza leseni kama orodha ilivyoandikwa. Kwa hiyo bastola mbili zingeweza kuwa na namba moja kwenye karatasi. Kilichozitenganisha ni alama ya idara tu, ambayo karani aliinakili vizuri kwa kuwa ilikuwa kubwa.

Mbili za namna hiyo nilizishika mwenyewe. Zote 4417.

Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Maduhu wa Somanda, mwenye lori moja la kubeba pamba. Alama yake ilikuwa 212, na niliiandika kwenye daftari la kituo. Ilikuwa na kutu, nikamwambia naweza kuing'arisha.

"Acha kutu yangu, ngosha," alisema. Ngosha ni mwanamume, na Wasukuma tunaitana hivyo. "Hii si ya kuolea. Ni ya kutishia."

Ya pili ililetwa na mfanyabiashara wa pamba kutoka mjini. Leseni yake ilikuwa ya wilaya nyingine. Alikuwa Bariadi kwa msimu tu, akaomba niikague. Alikuwa mtu wa viatu safi. Aliigeuzageuza juu ya kaunta.

"Fundi, tazama hii mikwaruzo nyuma. Inaonekana ya mtumba."

"Ni alama za polisi wa huko ilikotoka, bosi."

"Wao wameshaiuza. Zina kazi gani tena?"

Hakunipa kitu, wala sikumwomba. Mkiniuliza kwa nini niliichukua tupa nitawajibu ukweli: mgongo wa mshikio ulikuwa na vishimo vya kutu katikati ya zile herufi, nami sikuweza kuvumilia kuvitazama. Na yule bwana alikuwa amesema kitu nilichotaka kusikia. Nilijiambia kwamba katazo la Sajini Meja lilihusu alama zetu. Hizi zilikuwa za kituo nisichokijua, cha watu wasiojua kama Bariadi ipo. Nikapiga tupa, nikapiga msasa mkavu, nikapiga msasa wa mafuta, nikapaka weusi, ile dawa inayokipa chuma rangi ya wino. Skrubu nikazisimamisha wima. Iling'aa. Sikuchukua hata nakala ya penseli, kwa kuwa nilimaliza ndipo nikakumbuka, na hapakuwa na cha kusugulia tena.

Nilifurahi. Hilo nalo niliandike.

Msimu uliofuata kijana mmoja aitwaye Shija, karani wa mizani katika kituo cha kununulia pamba, alipigwa risasi akirudi nyumbani jioni kwa baiskeli. Mkoba wake ulichukuliwa. Baada ya siku tatu wanawake waliokuwa wakichuma pamba walikuta bastola imetupwa kwenye mtaro, wakamwita mwenyekiti wa kijiji. Ilikuwa na namba 4417.

Daftari letu lilikuwa na 4417 moja tu. Na siku moja kabla ya kifo chake, Shija alikuwa ametukanana na Mzee Maduhu mbele ya watu kuhusu uzito wa mzigo uliopakiwa kwenye lori.

Walimkamata nyumbani kwake. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alimhoji kwenye chumba kilichopakana na ghala letu, na ukuta ulikuwa mwembamba.

"Mzee, bastola yako iko wapi?"

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Mto Simiyu. Lori lilipinduka kivukoni wakati wa masika, nikatoka kwa kuogelea. Ilibaki humo."

"Na hukuripoti."

"Niliogopa mtanifunga kwa kupoteza silaha."

"Kwa hiyo mto ukaichukua, ukaisafisha, ukaja kuitupa kwenye mtaro." Nikasikia kiti kikiburuzwa. "Mto una akili siku hizi."

Ile bastola ililetwa kwangu nithibitishe alama. Niliipokea kwa mikono yote miwili. Mgongo wa mshikio ulikuwa laini, mweusi, hauna kitu. Skrubu zote zilisimama wima.

Nilijua palepale. Sikuwa na haja ya chaki. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono yangu, na sikuwahi kuigusa kwa tupa bastola ya Mzee Maduhu. Ningesema maneno mawili tu, "zipo mbili", yule mzee angerudi kwake. Lakini neno la pili lingeleta swali: umejuaje? Na jibu la swali hilo lilikuwa kufukuzwa kazi na pengine kushtakiwa, kwa kuwa kufuta alama ya silaha ni kosa. Niliandika kwenye fomu: "Alama ya idara imefutwa. Haisomeki." Kila neno lilikuwa kweli.

Sajini Meja aliichukua fomu, akaisoma. Kisha akaichukua bastola, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili. Aliziangalia skrubu muda mrefu.

"Aliyeifuta ana mkono mzuri," akasema.

Nikainama kuikunjua pembe ya blanketi.

"Mimi nastaafu mwakani mwezi wa sita, fundi. Kama kuna mtu anaijua bastola hii, mlango wangu uko wazi mpaka siku hiyo."

Akairudisha kwenye blanketi, akaenda kunywa chai.

Mzee Maduhu alipelekwa mahabusu. Nami, badala ya kwenda mlangoni kwa Sajini Meja, nilitafuta njia ambayo ingemtoa yeye bila kunitia mimi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba alama iliyopigwa kwenye chuma haiishii juu. Nyundo inapogonga, chuma kilicho chini ya herufi nacho kinabanwa. Ukifuta juu, kile kilichobanwa kinabaki, na maji makali, yaani tindikali, yakipakwa yanakila tofauti na chuma cha pembeni. Herufi inarudi kama kivuli, kwa dakika chache, kisha inapotea. Ukikosea nguvu ya maji au muda, umeiharibu moja kwa moja.

Kwa hiyo nilifanya mazoezi. Mwalimu wa kemia wa sekondari alinichanganyia maji. Nilipiga herufi kwenye vipande vya chuma chakavu, nikazifuta kwa tupa, nikazirudisha. Pamba ya kupakia haikuwa shida, Bariadi nzima ilikuwa pamba. Wiki ya tatu nilirudisha herufi saba kati ya kumi. Mwezi wa pili, tisa. Mtu mwingine angeenda na tisa. Mimi nilisema nitakwenda na kumi. Kipande kilipotoka vizuri nilijiambia nikirudie, pengine ilikuwa bahati. Hofu yangu nilikuwa nimeivika shati la umakini, na lilinikaa vizuri hata mimi mwenyewe nililiamini.

Wakati huo huko Somanda mambo yalikuwa hivi. Sungusungu, lile jeshi la wananchi la ulinzi, walikaa kikao wakaitenga familia ya Maduhu. Kutengwa kwetu ni adhabu nzito: hupewi moto, husaidiwi shamba, ukifiwa hakuna anayekuja. Na walifiwa. Mama yake Mzee Maduhu, bibi kizee, alifariki mwezi wa nne wa kesi. Kwa kawaida msiba wa mtu wa umri ule unajaza uwanja. Wake wa Maduhu wawili na watoto wao ndio waliochimba kaburi, wanawake wakishika sururu. Habari hiyo niliipata kwa muuza maziwa aliyekuwa akipita kituoni.

"Walichimba siku mbili," alisema. "Ardhi ya kiangazi. Majirani wamekaa barazani wanatazama."

Jioni ile nilirudi kwenye vipande vyangu vya chuma. Nilipata kumi kati ya kumi. Nikasema nirudie kesho.

Sajini Meja alistaafu mwezi wa sita kama alivyosema. Siku ya mwisho alinikabidhi funguo mbele ya mkuu wa kituo, akanishika mkono, akaushikilia.

"Mlango wangu unafungwa leo," akasema.

"Afande, nitaisoma ile alama. Nimebakiza kidogo tu."

"Najua utaisoma." Akaniachia mkono. "Huo ndio ubaya wako."

Sikumwona tena. Nilisikia alirudi kwao akafa baada ya miaka michache.

Mwezi wa saba ndipo nilipoomba kibali cha kujaribu. Tulikuwa wanne chumbani: mkuu wa kituo, mkuu wa upelelezi, mpiga picha wa pale mjini aliyeitwa na kamera yake, na mimi. Nilipaka. Dakika tatu hakukuwa na kitu. Kisha chuma kikaanza kuwa na ukungu, na ndani ya ukungu zikaja herufi za ule mji wa mbali, na baada yake saba, na baada yake moja. Sabini na moja. Mpiga picha alipiga mara nne. Herufi zikazama.

"Daftari linasema ya Maduhu ilikuwa 212," nilisema. "Hii si yake." Sauti yangu haikutetemeka, nami nilijisikia vizuri kwa hilo.

Walimwandikia muagizaji, orodha yake ikaonyesha 4417 mbili. Ya 71 ilikuwa ya mfanyabiashara wa viatu safi. Alipofuatwa alisema mlinzi wake alitoroka nayo msimu ule, naye akanyamaza kwa kuogopa kupoteza leseni. Mlinzi alikamatwa mpakani, akakiri. Mfanyabiashara hakuulizwa nani aliing'arisha bastola yake. Waliokuwa chumbani walidhani ni muuaji ndiye aliyeifuta, na mimi niliwaacha wadhani.

Nilipewa barua ya pongezi. "Kwa umakini na ubunifu wa hali ya juu." Mkuu wa upelelezi alinipiga bega. "Fundi, wewe ni daktari wa chuma." Jina likanishika, Daktari, na nimestaafu nalo.

Wiki moja baada ya kutoka mahabusu, Mzee Maduhu alikuja kituoni akiongoza ndama jike kwa kamba. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa linatoa machozi bila kukoma.

"Mwangaluka," alinisalimu, kwa heshima ambayo mtu mzima hampi kijana.

"Mwangaluka, baba."

"Nimekuletea mtamba. Bado mdogo, lakini mama yake ana maziwa."

Nilitoka nje ya kaunta. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Naapa nilikuwa nimeamua. "Baba, ile alama," nikaanza, "ile alama ilikuwa imefutwa na..."

"Usinieleze," akanikata. "Mimi sijui kusoma. Ninachojua ni kwamba umenisomea. Wabeja sana, asante." Akanipa kamba.

Nikaipokea.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya heshima. Nilihamishiwa Shinyanga, mkubwa wangu akiwa mkaguzi mpole aliyenipa chumba cha peke yangu cha kusomea alama. Nilipelekwa Mwanza kufundisha mafundi vijana. Niliwafundisha chaki, karatasi ya sigara, mstari wa kukata. Wote waliniuliza kuhusu bastola ya 4417, na wote niliwasimulia namna sabini na moja ilivyotoka kwenye ukungu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza iliingiaje humo. Nilimaliza nikiwa nimerudi Bariadi, wilaya ikiwa sasa ni makao ya mkoa. Waliniaga kwa soda na keki, wakaisoma ile barua ya pongezi kwa kipaza sauti. Yule mtamba alikuwa amezaa, na watoto wake wamezaa, nami niliwasomesha watoto wangu watatu kwa maziwa yale.

Kustaafu kuna ubaya mmoja kwa mtu kama mimi: hakuna tena kufuli la kurudi kulivuta. Nilikaa miezi miwili barazani, mwezi wa tatu nikaenda Somanda.

Mzee Maduhu yupo hai. Ni mzee sana sasa, lile jicho limefumba, lakini masikio yake ni mazima. Nilimkuta kakaa kwenye kigoda, mjukuu wake wa kike anamsomea ujumbe kwenye simu. Alinitambua kwa sauti.

"Daktari! Umeleta habari ya mtamba?"

Nilimwambia. Sikukaa, nilimwambia nikiwa nimesimama, tangu tupa mpaka barua. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Mjukuu aliacha simu.

"Siku ileile ya kwanza ulijua?" aliniuliza.

"Niliijua nilipoishika."

"Na mama yangu anazikwa?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi kwenye chuma."

"Ulikuwa hujaweza?"

Hapo ndipo ningeweza kusema uongo wa mwisho. "Nilikuwa nimeweza, baba. Jioni ya siku niliyosikia habari ya msiba nilipata kumi kati ya kumi."

Mke mdogo wa mzee, ambaye sasa ni bibi, alikuwa akipepeta mahindi karibu na jiko, na mikono yake ilisimama. Nilikumbuka kwamba ni mmoja wa walioshika sururu. Aliinuka na ungo wake, akaingia ndani.

"Ile barua unayo?" Mzee Maduhu aliuliza.

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeileta, sijui kwa nini. Akamwambia mjukuu aisome, yote, kwa sauti. Binti akaisoma, mpaka cheo cha aliyesaini. Nilisimama pale nikaisikiliza, umakini na ubunifu wa hali ya juu.

"Vizuri," akasema mzee. "Hiyo ndiyo iliyoandikwa. Sasa kaandike na ile uliyoifuta. Uilete hapa, huyu aisome, na mke wangu akiwepo."

"Na ng'ombe, baba? Nitawarudisha wote."

"Ng'ombe hawajakosa kitu. Nimekwambia kaandike."

Ndiyo haya. Nimeandika kwa wiki tano. Mara ya kwanza nilijaza kurasa nane, nikaona mwandiko umepinda, nikachana. Mara ya pili niliona nimejitetea mno, nikachana. Mara ya sita mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Hiyo nayo unaipiga msasa?" Nikaweka kalamu chini, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Tangu ile jioni ya kumi kati ya kumi sijabadilika hata kidogo, na yule mzee hana miaka ya kunisubiri.

Kwa hiyo hii ni nakala ya saba na sitaandika ya nane. Ukurasa wa tatu, pale nilipoeleza kwa nini nilichukua tupa, niliandika kwanza kwamba mfanyabiashara alinilazimisha. Si kweli. Nilishika kifutio, kisha nikakirudisha mezani. Nimeyapiga maneno yale mstari mmoja katikati, na ukweli nimeuandika pembeni yake. Yule binti akifika hapo atayaona yote mawili, na ninataka ayasome yote mawili kwa sauti. Kesho asubuhi naenda Somanda.